Mwaka Aliponona Akoth

Wiki iliyopita Dorina alikuja kwangu hapa Otonglo kuniomba nimsomee mtoto wake. Ndivyo alivyosema, "Nisomee Akoth," kama vile mtoto ni barua. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi sana, tangu tukiwa wanawake wadogo tuliopanga vyumba vilivyogusana kule Kaloleni, yeye na mume wake na Akoth upande mmoja wa ukuta, mimi na mume wangu upande wa pili. Alikuwa ameuliza njia kuanzia sokoni mpaka mlangoni kwangu. Nilimkaribisha, nikampa kiti chenye mto, nikaweka samaki jikoni kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Hata chai hakungoja. Alisema Akoth hakupigwa picha hata moja, na kaburi lake kule Uyoma limeshalimwa, na wote waliomshika mkononi wamekufa isipokuwa sisi wawili. "Lakini wewe ulikuwa unaandika, Nyar Gem. Kila asubuhi ulikuwa unakaa mlangoni na hiyo kitabu yako. Bado unayo?" Nyar Gem, yaani binti wa Gem, ndilo jina aliloniita tangu zamani. Niseme kweli, nilitaka kumwambia panya walikila. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Kitabu kiko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu, kizima, na kina kurasa mbili ambazo sikutaka mtu yeyote azisikie, na zaidi ya watu wote Dorina.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilifika darasa la sita, nikaolewa. Kitabu nilikianza kwa sababu ya upweke, na mambo niliyoandika ni madogo: tumekula nini, nani amegombana na nani bombani, mvua imekuja au haikuja. Sasa nikijaribu kuyapanga yale ya mwaka ule mmoja sina hakika kama nayakumbuka yenyewe au nakumbuka mwandiko wangu tu. Nitajaribu kuwa wa haki kwa kila mtu aliyekuwepo. Kama nitakosea, heri nikosee kwa upande wangu.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Vyumba vilikuwa sita, vimeuzunguka uwanja mdogo, mali ya Bi Zuhura, mama Mwislamu ambaye baba yake alikuja Kisumu na reli. Kuta zilikuwa za udongo uliopakwa chokaa, na hazikufika juu mpaka kwenye mabati. Hapo juu paliachwa nafasi ya mkono mzima ili hewa ipite, na kila kitu kilipita hapo, moshi, kikohozi, harufu ya chakula, maneno. Ukipiga chafya kwako, Dorina anakwambia pole kwake. Nilijua siku wanakula ugali na mboga za majani, nilijua siku wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, peke yake, na wao walijua kwetu kuna samaki. Mume wangu Owuor alikuwa amepata kazi kwenye stoo ya barafu karibu na gati la ziwani, tuliloliita pia, mahali samaki walipopangwa kabla ya kupandishwa gari la moshi kwenda Nairobi. Ngege, yule samaki mpana wa ziwani, aliyepasuka tumbo au kupondeka hakuweza kusafiri, kwa hiyo wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Mara tatu au nne kwa wiki tulikula samaki aliyepondeka. Haikuwa akili yetu wala bidii yetu. Ilikuwa ni kazi aliyoipata kwa sababu alifika asubuhi moja kabla ya mwingine.

Mume wa Dorina, Ochieng', alikuwa kuli. Alisimama kwenye geti la bandari kila alfajiri na wenzake, na anayechagua akichagua ishirini, Ochieng' alikuwa wa ishirini na mbili. Siku mbili kwa wiki alipata, siku nne alirudi na mikono safi. Hakuwa mlevi. Naandika hili kwa sababu watu wakisikia mtoto amekosa chakula, kitu cha kwanza wanauliza ni baba yake alikunywa nini. Ochieng' alikunywa maji. Mvua ilikuwa imekosa mwaka ule, na dukani kulikuwa na mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli kutoka mbali, watu wakayacheka kwamba ni ya ng'ombe, kisha wakapanga laini kuyanunua. Dorina hakuweza kuyanunua kila siku. Mama mkwe wake alimtumia kwa basi mihogo mikavu kutoka Uyoma, na Dorina aliisaga akapika uji.

Akoth alikuwa na mwaka mmoja na nusu nilipohamia pale. Alikuwa mtoto wa kelele. Neno lake alilolipenda lilikuwa rech, yaani samaki kwa Dholuo, na alijifunza kwa pua. Nikiweka ngege kwenye sufuria, harufu inapanda juu ya ukuta, na upande wa pili namsikia, "Rech! Rech!" anapiga bakuli chini. Dorina anamwambia, "Nyamaza. Hiyo ni ya wenyewe." Owuor alikuwa akicheka, anasema huyo mtoto ataolewa na mvuvi. Mimi nilicheka pia. Halafu tulikula, mlango umefungwa.

Hapa lazima nieleze jambo la mlango, maana watoto wangu wenyewe hawalijui. Wakati ule kwetu hukula mbele ya macho ya mtu usiyemjua vizuri. Kuna watu walisemekana kuwa na sihoho, yaani jicho lao likiangukia chakula chako, chakula kile kinakaa tumboni kama jiwe, tumbo linavimba, na usipotafuta mama wa kukitoa unakufa. Hakuna aliyejua kwa hakika nani analo. Lakini mwanamke aliyeolewa miaka mitatu bila mtoto, ambaye mtoto wa jirani analilia chakula chake, aliangaliwa mara mbili. Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilijua kwa jinsi mazungumzo bombani yalivyogeuka kuwa ya nguo nilipofika.

Dorina alishika mimba nyingine, na siku ile ile akamwachisha Akoth ziwa. Ndivyo ilivyokuwa, maziwa ya mwenye mimba yalisemwa ni mabaya kwa mtoto wa kwanza. Kuanzia siku hiyo Akoth alikuwa mtu wa uji wa muhogo, asubuhi, mchana na jioni. Nasikia mpaka leo sauti ya kijiko kwenye kikombe cha bati na Dorina akibembeleza, "Kunywa, mama. Kunywa uwe mkubwa umbebe mdogo wako." Na alikuwa anamaliza. Hili Dorina alilirudia miaka yote, na ni kweli: mtoto hakulala njaa. Kikombe kilikuwa kinajaa na kinaisha.

Halafu akanona. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo nililoliandika siku ile. Ilikuwa asubuhi, tuko bombani wanawake wanne, Dorina akaja na Akoth kiunoni. Uso wa mtoto ulikuwa umejaa, mashavu yamekaza yanang'aa kama amepakwa mafuta. Mmoja wetu akasema, "Nyar Uyoma, mnakula nini huko ndani mkitufungia mlango?" Dorina akacheka kwa furaha niliyokuwa sijaiona kwake mwaka mzima. "Ni mihogo ya dana yake tu, mama mkwe wangu! Mimi mwenyewe nashangaa." Bi Zuhura aliyekuwa akimwagia maji kuku wake akamtazama mtoto muda mrefu, akasema, "Mbona hacheki?" Tulipobaki wawili Dorina aliniuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kusoma. "Siku hizi halii, Nyar Gem. Hata kucheza hataki, anakaa tu. Nimpeleke kliniki wamwangalie?" Na mimi nikamjibu, "Mtoto amenona hivi utampeleka uambiwe nini? Utasimama kwenye laini kutwa nzima na hiyo tumbo yako, urudi na dawa ya minyoo." Tukacheka. Jioni yake niliandika: Akoth amenona, mashavu yanang'aa, Mungu akipenda na mimi siku moja. Yale maneno ya kliniki sikuyaandika. Sikuona kama ni kitu.

Baada ya hapo kelele za rech ziliisha. Nilipika, harufu ikapanda, upande wa pili kimya. Ni aibu kulisema, lakini tulishukuru. Ngege ilipita kooni kwa urahisi zaidi. Ilichukua kama wiki tatu mimi kuona kwamba nywele za Akoth zimekuwa nyekundu na laini, zinang'oka kwenye mto. Ngozi ya miguu ilianza kubanduka kama rangi ya mlango wa zamani, na miguu yenyewe ilikuwa mikubwa kuliko ya mtoto wa umri ule. Jumamosi moja mchana nikaweka kipande kizuri cha ngege kwenye bakuli, cha mgongoni, nikatoa mifupa yote kwa vidole, nikafunika na sahani nikaenda kupiga hodi. Dorina alipokea kwa mikono miwili. "Ero kamano, Nyar Gem. Asante sana." Haukupita muda bakuli likarudi, limeoshwa. Nilifurahi. Nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga majivu, nikamkuta paka wa Bi Zuhura kwenye shimo la taka na kipande changu, kizima, hakijaguswa na jino la mtu, mchuzi wake bado unatoa mvuke.

Nilisimama pale na kibati cha majivu mkononi. Nilielewa mara moja. Niliingia ndani nikaandika: Leo nimempa Akoth samaki. Paka amekula. Sitarudia. Na sikurudia. Nimejiuliza miaka mingi kama ningerudia mara ya pili, ya tatu, kama ningekaa naye sakafuni nikala kwanza mimi ndipo nimpe mtoto, huenda Dorina angelegea. Sijui. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimeitwa mchawi kwa samaki wangu mwenyewe. Nilisema moyoni, wakae na mihogo yao.

Tumbo la Akoth lilipovimba, Ochieng' alileta mama mmoja kutoka Kondele, mtoaji wa sihoho. Nilisikia yote juu ya ukuta, nimekaa kitandani na sufuria ya dengu mapajani. Mama yule alimchanja mtoto tumboni kwa wembe, chale ndogo ndogo, akasugua dawa, akaweka kitambaa, akavuta. Akoth alitoa sauti kidogo tu. Kisha mama akasema, "Haya, oneni wenyewe. Ni samaki. Mtoto wenu amekula samaki wa jirani." Ochieng' akashusha pumzi. Lakini nikamsikia Dorina akiuliza polepole, "Samaki?" "Samaki, mama. Si unaona nyama yake nyeupe?" "Samaki gani?" Yule mama akakasirika kidogo, akasema kazi yake ni kutoa, si kuulizwa. Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa na jina zuri, na wako watoto waliopona mikononi mwake kwa sababu wangepona hata hivyo. Alfajiri ya pili Dorina aligonga mlango wangu. Hakunitazama machoni. "Twende hospitali," alisema. "Wewe unajua kusoma vibao."

Nilimbeba Akoth mimi, kwa ajili ya mimba ya Dorina. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilimshika. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Sista aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, amechoka, na hakuwa mkali. Aliushika mguu wa mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Shimo la kidole lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. "Mnaona? Hii si nyama. Ni maji. Mtoto huyu ana njaa." Dorina akasema, "Hapana, sista. Anakunywa uji. Anamaliza kikombe." "Uji wa nini?" "Muhogo." "Na maziwa?" Dorina akamfunika mtoto miguu. Sista akainua mkono wake akakunja vidole kimoja kimoja ili Dorina asisahau. "Maziwa. Mayai. Samaki. Hata kidogo, lakini kila siku." Dorina akainua mkono wake pia akakunja vidole vitatu. Jioni Ochieng' alipokuja wodini alimrudishia somo lile lile, maziwa, mayai, samaki. Ochieng' alisikiliza mpaka mwisho, akauliza bila hasira, "Alikwambia pia vinatoka wapi?"

Pale wodini maziwa yalikuwepo. Walimpa kwa kijiko naye akageuza uso. Siku ya nne, mchana, wakati wa chakula, alikufa. Dorina alijifungua mvulana miezi miwili baadaye kule Uyoma na hakurudi Kaloleni. Mimi nilipata watoto wangu, watano, mmoja baada ya mwingine, na niliwalisha ngege iliyopondeka, na nikasifiwa kwa kujua kulea.

Hadi leo huwa nawapikia kichwani, Dorina na Ochieng', kwa kile walichokuwa nacho. Nimejaribu kwa uaminifu. Dorina alikuwa na kuku mmoja aliyetaga. Akimpa Akoth yai, hana la kuuza, na yai hilo ndilo lililonunua mafuta ya taa na chumvi. Omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwepo sokoni, ndogo, rahisi, lakini omena ya siku moja ilikuwa ni bei ya unga wa watu watatu. Na ziwa lilikuwa pale, mwendo mfupi kutoka mlangoni, limejaa samaki waliokuwa wakienda Nairobi juu ya barafu. Wengine wanasema ni ujinga wa wamama. Ndiyo, kulikuwa na ujinga, na nusu yake ulikuwa wangu mimi niliyefika darasa la sita. Lakini kila nikiwapikia, nikiondoa ujinga wote, nikiondoa sihoho na ule mlango na yule mama wa Kondele, bado napata siku nne kwa wiki ambazo ndani ya sufuria hakuna kitu. Chakula pekee kilichobaki kumfikia mtoto yule kilikuwa kile cha juu ya ukuta. Hicho nilikipeleka mara moja.

Basi wiki iliyopita nilitoa sanduku, nikavaa miwani, nikamsomea. Nilimsomea ya rech. Alifunika mdomo na leso akacheka mpaka machozi. Nilimsomea Akoth amenona, mashavu yanang'aa. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. "Kumbe si mimi peke yangu niliyeona hivyo," alisema. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilimwambia na ile ya kliniki ambayo haikuandikwa, jinsi aliniuliza na jinsi nilivyomjibu. Alitikisa kichwa. Hakukumbuka, au alisema hakukumbuka. Kisha nikageuza ukurasa, nikasoma, Leo nimempa Akoth samaki, paka amekula, sitarudia.

Jikoni mafuta yalikuwa yanalia kwenye kikaango. Dorina alitazama mikono yake.

"Uliona."

"Niliona."

"Mimi nilifikiri hujui. Miaka yote hii. Nilikuja nikuambie mwenyewe. Yule mama aliposema ametoa samaki, ndiyo nilijua anadanganya. Mimi ndiye nilimwaga. Mtoto hakuonja hata kidogo. Nikasema, kama si samaki ya Nyar Gem, basi ni nini?" Nilimwambia nami nilikasirika, na hasira ile niliiweka juu ya mtoto. Tulikaa hivyo. Hakuna aliyemsamehe mwenzake kwa maneno, na sina hakika kama lilikuwepo la kusamehe au lilikuwa kubwa mno.

Nikampakulia. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita wakienda sokoni, naye alikula mbele yao kipande kimoja, taratibu. Cha pili hakukigusa. Aliomba karatasi akakifunga vizuri, akakiweka kwenye kikapu. "Hii nabeba," alisema. "Kuna kitukuu changu pale Nyamasaria. Mama yake alienda Nairobi kutafuta kazi, hajatuma kitu bado, tunavumilia tu na uji. Lakini yeye hana shida, halii hata. Juzi jirani ameniambia amenona."

Niliweka sahani chini. Sikutaka kuuliza, na nikauliza. "Dorina. Umebonyeza mguu?"

Alikuwa anafunga kikapu kwa kamba, anafunga na kufungua fundo lile lile.

"Nimebonyeza leo asubuhi," alisema. "Ndiyo nimekuja."

Nilitafuta viatu vyangu. Tulitoka tukasimama barabarani kungoja gari la kwenda Nyamasaria kumchukua mtoto, wanawake wawili wazee na kipande kimoja cha samaki. Nilijua tutakapofika hospitali tutaambiwa nini. Dorina naye alijua. Nilimwona pembeni mwangu, mkono wake umeshuka chini ya leso, anakunja vidole vyake, kimoja, cha pili, cha tatu.